N ni Nyekundu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ikiwezekana nijibu kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, kwa sababu siku hiyo natakiwa nisimame sebuleni kwa watu niombe radhi kwa kosa ambalo si langu, au ni langu nusu, na hiyo nusu ndiyo inayoninyima raha, maana tangu juzi nikikaa kwenye cherehani nakanyaga kwa hasira na nimeshavunja sindano mbili katika pazia moja.

Mimi nashona mapazia, mashuka na sare za shule, nashonea hapo hapo nyumbani sebuleni, na mume wangu ni fundi umeme, ana miaka kumi na saba kazini, mtaa mzima unamwita Fundi, hata watoto wadogo wakimwona na begi lake wanasema Fundi huyo, na mimi naitwa Mke wa Fundi, ingawa cherehani yangu inasikika mpaka barabarani na nusu ya madirisha ya mtaa huu yamevaa kazi ya mikono yangu. Hilo sijawahi kulilalamikia. Nalisema ili unielewe mbele ya safari.

Mambo yalianzia kwenye uzi. Sebule yetu ina dirisha moja, na tangu jirani apandishe ukuta wake, saa nane mchana huku ndani ni kama stoo, na ile taa moja ya darini mwanga wake ulikuwa wa kimanjano, nikawa nachanganya uzi wa kahawia na wa zambarau, mpaka mteja mmoja akanirudishia mapazia yote ya chumba na kuniuliza kwa upole kama macho yangu yako sawa. Nikamwomba mume wangu aniwekee taa za maana. Akasema ataangalia. Nikamwomba tena, akasema ana kazi ya watu, aimalize kwanza, na mshauri, kazi ya watu haiishi, mganga hajigangi, nimekaa nikisubiri tangu mvua zianze mpaka zikakatika.

Basi siku moja nimekwenda duka la vifaa kununua ndoano za pazia, nikaona wamening'iniza mkanda wa taa, ule mwembamba wenye vitaa vidogo vidogo vilivyopangwa kama vishikizo vya shati, unabadilika rangi kwa rimoti, nikaushika, na kila baada ya vitaa vitatu kuna mstari umechorwa, na juu ya mstari kuna picha ya mkasi. Nilicheka peke yangu pale dukani. Nikasema kumbe kitu chenyewe kinakatwa kwa mkasi, tena pale pale palipochorwa, hii kazi si ya fundi umeme, hii kazi ni yangu.

Ilinichukua wiki tatu. Nilikwenda kwa fundi simu wa pale kona akanifundisha kulehemu, akanipa vipande vya waya vilivyokufa nijifunzie, nikaungua kidole mara mbili, mara ya tatu sikuungua. Nilipima ukuta kwa futi yangu ile ile ya kupimia viuno vya watu, nikatengeneza ubao wa kuficha fimbo ya pazia, nikaubandika mkanda nyuma yake, nikatanguliza kitambaa cheupe cha bitana mbele ili mwanga usichome macho, nikaacha upana wa vidole vinne hewa ipite, nikaongeza na mkanda wa pili wa nyeupe tupu kwa ajili ya kushonea. Waya wa kurefushia nilioupata ulikuwa wa nyaya nne, zote nyeupe, huwezi kujua ipi ni ipi, kwa hiyo nikakata vipande vya utepe, nikaandika herufi kwa kalamu ya kitambaa, nikavifunga kila kimoja mahali pake kama lebo ya nguo. C ni chanya, ile inayopeleka umeme kwa rangi zote. N ni nyekundu. K ni kijani. B ni buluu. Zile herufi za kigeni zilizochapwa kwenye kisanduku cha rimoti sikuzitaka, sebule ni yangu na lugha ni yangu.

Na ziliwaka. Ziliwaka mara ya kwanza. Nilibonyeza nyekundu, ukuta ukawa mwekundu, nikabonyeza kijani, nikachanganya nyekundu na kijani nikapata njano, jambo ambalo kwenye kitambaa halipo, ukichanganya hizo kwenye beseni unapata matope, nikakaa chini sakafuni nikatazama ukuta wangu, nikalia kidogo, sioni aibu kusema.

Mume wangu aliporudi alisimama mlangoni na begi begani, akauliza ni nani kafanya, nikasema mimi, akapanda kiti akavuta waya moja, akavuta nyingine, akashuka akasema usiguse tena, utatuunguzia nyumba. Basi. Hakusema nzuri, hakusema mbaya. Lakini Jumapili yake walipokuja wenzake wa kazi, mmoja akauliza hii umefanyaje Fundi, mume wangu akaegemea kiti akasema, “Mambo ya kitaalamu hayo.” Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai. Niliweka chai mezani nikarudi jikoni. Tangu hapo kila mgeni anaambiwa hivyo hivyo, rimoti anaishika yeye, na wifi yangu, dada yake mkubwa, amewatangazia mpaka watu wa kazini kwake kwamba kaka yake ameanza taa za kisasa.

Akaja Mwalimu, mwalimu mkuu mstaafu, mteja wangu mimi, nimemshonea mapazia mazito ya sebule, alikuja kuchukua foronya zake akaziona taa akazipenda, na kabla sijafungua mdomo mume wangu ameshamwahidi kwamba atamfungia za aina hiyo, juu ya mapazia yale yale. Kwa bahati, au kwa bahati mbaya, mimi nilikuwa nimeshatengeneza seti ya pili ya chumbani kwetu, imekamilika, mkanda, nyaya, lebo zake, kipunguza umeme chake, yaani kile kisanduku cha bati kinachoupunguza umeme wa ukutani mpaka volti kumi na mbili, vyote kwenye katoni. Akaichukua hiyo.

Sasa sikiliza alichofanya huko. Kipunguza umeme kina matundu mawili ya kupokelea umeme wa ukutani, moja limeandikwa L, laivu, umeme unakoingilia, jingine N, nyutro, unakorudia. Mume wangu akaona waya yangu imeandikwa N, akaibana penye N. Hakufuata ilikotoka, hakujiuliza. Akaona C haijui, lakini kwa maneno yake mwenyewe, penye nyutro hapakosi laivu, akaibana C penye L. K na B akaziacha zinaning'inia. Yaani umeme wote wa ukutani akautia kwenye mkanda wa volti kumi na mbili. Ulilia paa, moshi ukajaa, plastiki ikayeyuka ikadondokea pazia langu, likatoboka tundu la ukubwa wa sahani, na chini ya pazia lile alikuwa amekaa mama yake Mwalimu, mtu wa miaka karibu tisini. Hakuungua, namshukuru Mungu. Lakini wanasema hapendi tena kukaa pale, na pale ndipo palipokuwa mahali pake.

Na mume wangu, mshauri, mume wangu akiwa bado juu ya ngazi, aliwaambia kwamba mkewe ndiye aliyeandika herufi vibaya.

Mkewe! Mwezi mzima mkewe hakuwepo. Taa zilipowaka zilikuwa za Fundi, zilipoungua zikawa za Mke wa Fundi. Jumba bovu limeniangukia mimi niliyekuwa nyumbani napindia sare za darasa la tatu. Wifi amekuja kunipa pole na palepale akaniambia mwanamke mwenye akili humfichia mumewe aibu. Na mume wangu mwenyewe amepanga twende Jumamosi, niseme mbele ya Mwalimu na jamaa zake kwamba niliandika makosa, niombe radhi, yeye atakaa pembeni. Nilipomwambia sikukosea, N ni nyekundu, alinijibu bila hata kupandisha sauti, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alisema, “Wewe huna jina la kupoteza. Langu ndilo linalotulisha.”

Hapa ningeweza kufunga barua, ungenihurumia, ungenipa haki yangu. Lakini usiku silali vizuri, kwa hiyo nasema na hili. Asubuhi ile alipobeba katoni nilimwona. Nilikuwa nakata kitambaa mezani. Alisimama mlangoni, akafungua, akashika ile waya yenye N akaitazama, na nikaona midomo yake ikisema neno, nikajua si nyekundu. Nilijua. Nimeishi na fundi umeme miaka kumi na minne, najua N kwao ni nini. Nikasubiri aniulize. Hakuniuliza. Nikajiambia moyoni, nenda, mtaalamu, nenda ukaone. Nikaendelea kukata. Nilidhani hazitawaka tu, atarudi ameinamisha kichwa aniombe nimwelekeze, sikufikiria moto, sikumfikiria bibi wa watu.

Je, niende Jumamosi nikaseme uongo wake ili tuendelee kula, au nikatae? Na hili la pili nimwambie nani?

Ni mimi,
Mke wa Fundi

*

Mke wa Fundi, barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimkasirikia mumeo. Mara ya pili nikamkasirikia wifi yako, ambaye ningependa kumuuliza mwanamume mwenye akili humfichia mkewe nini. Mara ya tatu nikakukasirikia wewe, na hasira hiyo bado ninayo, kwa hiyo vuta kiti.

Tuanze na mumeo kwa sababu kwake hakuna ugumu. Kuchukua kazi ya mtu ukaitia jina lako ni wizi, hata kama mwenye kazi unalala naye kitanda kimoja. Kuchukua kosa lako ukambandika mtu mwingine ni wizi wa pili, tena wa mchana kweupe, juu ya ngazi, mbele ya mashahidi. Na fundi wa miaka kumi na saba anayebana waya bila kufuata inakotoka, eti kwa kuwa penye nyutro hapakosi laivu, huyo siku hiyo hakuwa fundi. Alikuwa mtu mwenye begi. Eti huna jina la kupoteza? Mwambie nimeuliza: kama huna jina, ni kwa nini analihitaji Jumamosi?

Sasa njoo kwako. Umeandika kwa fahari kabisa kwamba N ni nyekundu. Nimezunguka hapa ofisini na karatasi yenye N, namuuliza kila mtu ni nini. Dereva wetu akasema ni gia ya kupumzika, gari haliendi mbele wala nyuma. Binti wa mapokezi akasema ni ndiyo. Mhariri wa habari za nje akasema ni hapana, ya Kiingereza. Fundi wa jenereta akasema nyutro kabla sijamaliza kuuliza, akaniuliza kwa nini naitembeza. Wewe mwenyewe, mtu wa nguo, niambie: nyekundu, nyeusi na nyeupe, zote si zinaanza na N? Hakuna hata mmoja humu aliyesema nyekundu. Herufi hiyo uliiandikia macho yako peke yako, na ndani ya nyumba yako hilo halikuwa kosa. Lilianza kuwa kosa katoni ilipovuka mlango na wewe unaitazama.

Na uliitazama, mama. Hapo ndipo siwezi kukubembeleza. Uliona midomo yake ikisema nyutro, ukaendelea kukata kitambaa. Najua kwa nini, na kila mwanamke anayesoma ukurasa huu anajua kwa nini, mwezi mzima wa kubeba sinia la chai huku mwingine anasifiwa kwa jasho lako si jambo dogo. Hasira yako ilikuwa ya haki. Lakini umeme hausomi hasira ya nani ni ya haki. Ulimwacha mumeo aende kujifunza, somo likafanyikia juu ya kichwa cha mama wa watu ambaye hajawahi kukunyima kitu, na leo bibi huyo hana mahali pake pa kukaa. Hiyo nusu uliyosema inakunyima raha ni yako kweli. Usimtafute mtu wa kukubebea.

Lakini mficha uchi hazai, nawe umejifunua bila kulazimishwa na mtu. Mumeo bado hajaweza. Kwa hiyo umemtangulia hatua moja, na Jumamosi utatumia hatua hiyo.

Hutasema uongo wake. Hilo lifute kabisa, hata kwa sababu ya chakula, maana uongo huo hautawalisha kwa muda mrefu. Ukisema uliandika makosa, Mwalimu ataamini, mumeo atapata kazi nyingine ya aina ile, ataichukua seti nyingine, na safari hiyo huenda ikawa ni kitanda cha mtoto kilicho chini. Jina linalowalisha litaungulia huko.

Leo hii, kabla hujaandaa chakula, mwambie mumeo ulichoniambia mimi. Usianze na kosa lake, anza na lako: nilikuona, nilijua umeisoma vibaya, nikanyamaza. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki ya hiyo dakika. Akimaliza, mwambie Jumamosi kila mmoja atasema la kwake kwa mdomo wake, na kwamba la kwake wewe hutalisema, hata ukiulizwa. Usimtishe, usimuite wifi, usimwite mchungaji wala shehe. Mpe nafasi ya kuwa mtu mzima.

Jumamosi anza na bibi kabla ya Mwalimu. Nenda mpaka alipo, piga magoti ukitaka, mwambie ni wewe uliyejua na hukusema. Yeye ndiye aliyeogopa, yeye ndiye mwenye kusamehe, na wazee wa umri huo wanajua kutofautisha radhi ya kweli na ya kutumwa. Kisha mwambie Mwalimu hivyo hivyo, mbele ya jamaa zake wote. Pazia lishone jipya, upana ule ule, na usilete maneno ya gharama. Halafu nyamaza, umtazame mumeo. Akisema, vizuri. Asiposema, kila mtu sebuleni mle atasikia vizuri kabisa kwamba hakusema, na hutahitaji kuongeza neno.

Mwalimu akikubali mfunge upya, na nadhani atakubali, kwa maana walimu wamezoea watu wanaokosea, fungeni wawili. Upande wa umeme wa ukutani ushikwe na mumeo, aliusomea, na hapo wewe usipeleke hata kidole. Kuanzia kwenye kipunguza umeme mpaka kwenye kitaa cha mwisho, shika wewe, na yeye asipande ngazi kabla hujamwambia tayari. Wekeni na fyuzi, kwako na kwa Mwalimu, fundi wa jenereta amenisisitiza niandike hivyo. Rimoti mpe bibi.

Na zile lebo zikate zote, za sebuleni kwako pia, uandike upya. Usiandike N. Andika nyekundu. Utepe ni wako, wino ni wako, ni nani aliyekuambia ubane neno? Ukifupisha, kila mtu anamalizia anavyotaka yeye, na mwenye sauti kubwa ndiye anayemalizia.

Tumemaliza, isipokuwa jambo moja dogo nililoliona chini ya barua yako. Mtu aliyejifunza kulehemu kwa vidole vilivyoungua, akakata mkanda penye mstari, akachanganya nyekundu na kijani akapata njano, mtu huyo ametia sahihi kwa maneno matatu, akayaandika mawili ya kwanza kwa mwandiko mkubwa na safi, Mke wa. Nimechukua kalamu hapa mezani kwangu nikayakata. Lililobaki ni neno zima, linajitosha, na ndilo nitakaloliandika juu ya bahasha.

Msalimie bibi, Fundi.